Neema tulimtunga, sasa anatafutwa

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kimyakimya kwa muda mrefu na sikuwahi kudhani nitakuandikia. Shida zangu zilikuwa zile za kila mtu: kazi, mapenzi, wazazi. Hii ya sasa sijui hata pa kuipeleka. Nikimweleza mama, swali lake la kwanza litakuwa "Huyo Neema ni nani?", na hapo ndipo penye kazi.

Neema hayupo. Tulimtunga sisi watatu: mimi, rafiki yangu nitakayemwita K, na mwenzetu mmoja fundi wa sauti. Tulivutiwa na ile michezo ya mafumbo ya mtandaoni inayojifanya si michezo. Unakuta video ya ajabu, ndani yake mna namba, namba zinakupeleka kwenye tovuti, tovuti inakupa faili la sauti, na taratibu unagundua kuna mtu yuko hatarini. Tukasema na sisi tujaribu. Neema akawa mtangazaji wa redio wa zamu ya usiku aliyetoweka akaacha kanda zake. Hadithi anaandika K. Sauti ya Neema ni yangu.

Tulianza na watu wachache wa kuhesabika. Kisha mmoja wao akaifungua kanda ya kwanza kwa programu inayochora sauti, akaona picha ya nyota tuliyoificha humo, akaitangaza, basi, mambo yakalipuka. Sasa kuna kundi la maelfu ya watu. Wamegawana kazi kama ofisi: hawa wa herufi, hawa wa ramani, hawa wa kusikiliza tu. Binti mmoja aliandika kwamba tangu ahamie ugenini hakuwa na mtu wa kuzungumza naye mpaka alipoingia kumtafuta Neema. Nilisoma ujumbe ule nikalia.

Sasa shida yenyewe. Nilipokuwa narekodi kanda ya tatu, mbwa wa jirani alibweka. Fundi wetu akasema tuache tu, inaleta uhalisia. Wachezaji wakahesabu ule mbweko, wakapima na vituo vyake, wakageuza kuwa herufi, wakapata jina la ukoo. Jina hilo ni la mtu kweli, Shangazi. Na kwa bahati mbaya mtu mwenyewe ni fundi wa redio! Wao wakaona yametimia. Wanampigia simu usiku wa manane kumuuliza amemficha wapi Neema. Mke wake aliandika kwenye ukurasa wa biashara yao akiwasihi watu waache. Wachezaji wakaupiga picha ujumbe ule wakauweka kwenye kundi kama kidokezo kipya.

Nikamwambia K tuseme jambo. K akacheka, akasema hiyo ndiyo inayonogesha. Usiku uleule akaingia kwenye akaunti ya Neema akaandika neno moja: "Mmekaribia."

Halafu kuna mmoja nitakayemwita Msikilizaji. Huyu humwandikia Neema kila usiku. Mwanzoni yalikuwa maswali ya fumbo, lakini sasa anaandika kama mtu anayemwandikia mtu wake. Anasema amechukua likizo isiyo na malipo. Anasema analala na kanda zangu masikioni. Juzi aliandika: "Usiogope. Nimeshajua ulipo. Nitakwenda mwenyewe kwa yule fundi." Nadhani akili yake haiko sawa.

K anasema sheria ya kwanza ya michezo hii ni kutokiri kamwe kwamba ni mchezo, na siku tutakayokiri tumeua kila kitu. Tumebakiza kanda mbili tu. Kuna kampuni ya burudani imemwandikia, inataka kuona tutakavyomaliza. Na tuliapiana watatu kwamba siri haitoki. Nami nikisema ukweli, napenda kutafutwa. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivi maishani mwangu. Nikifungua mdomo ninamuua Neema, ninawaacha wale watu na upweke wao na ninamnyang'anya K ndoto yake. Nikinyamaza, sijui. Nifanyeje?

Wako, Sauti ya Neema

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikairudia. Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo mawili kwa mkono mmoja. Kuna watu unaowapenda, K na kundi zima, ambao unadhani ukweli utawaumiza. Na kuna watu usiowajua, yule fundi wa redio na mkewe, ambao ukimya tayari unawaumiza. Katikati yuko Msikilizaji, ambaye hujui umweke upande gani.

Nianze na huyo, kwa sababu umemhukumu haraka. Unasema akili yake haiko sawa. Huenda. Lakini kuona mpango mahali pasipo na mpango ni jambo la binadamu wote, hata kama jina lake la kitaalamu, apofenia, lilibuniwa na daktari wa akili wa Kijerumani, Klaus Conrad, mwaka 1958 alipokuwa akieleza mwanzo wa ugonjwa. Mtunzi mmoja wa michezo ya namna yenu, Reed Berkowitz, ameeleza jinsi wachezaji wake walivyoingia chumba cha chini kutafuta kidokezo. Sakafuni palikuwa na vipande vya mbao vilivyodondoka hovyo, vikakaa mfano wa mshale, na mshale ukaelekea ukuta mtupu. Wakataka kuubomoa ukuta. Hawakuwa wagonjwa wale. Walikuwa wameambiwa mna kidokezo, wakakitafuta. Mwaka 2014 watu walikesha wakichambua akaunti moja ya YouTube yenye maelfu ya video fupi za mistatili myekundu na ya buluu, wengine wakiapa ni kazi ya majasusi. Ilikuwa akaunti ya Google ya kujaribia ubora wa video. Hapakuwa na fumbo hata kidogo! Mbwa wa jirani yako ana wenzake wengi.

Tofauti yako na Google ni ile "Mmekaribia". Unaandika kana kwamba wachezaji walimfikia yule fundi kwa miguu yao wenyewe, nanyi mkawa watazamaji tu. Kwa mbweko, sawa. Baada ya neno lile, si sawa tena. Sikuambii hivi kukulaumu, na tena hukuliandika wewe. Nakuambia kwa sababu linabadilisha maana ya kunyamaza. Mpaka usiku ule, ukimya wenu ulikuwa ukimya. Baada yake ni jibu la ndiyo linaloendelea kusomeka kila anayeingia kwenye kundi.

Kuna jambo lingine kuhusu Msikilizaji, na sidhani umelifikiria. Je, kama anacheza? Katika mchezo ambao sheria yake ni kwamba hakuna anayekiri kuwa ni mchezo, mchezaji mahiri ndiye anayeandika vilevile alivyoandika: anamfariji Neema, anatangaza kwamba anakwenda kumwokoa. Mwaka 2004, katika mchezo wa I Love Bees uliotengenezwa kuutangaza mchezo wa video wa Halo 2, wachezaji walitumwa kwenye simu za umma huko Marekani kungoja kupigiwa, na mmoja wao huko Florida alibaki kwenye simu yake huku kimbunga kikikaribia. Aliyemwona kwa mbali angesema kachanganyikiwa. Kumbe alijua vizuri sana anachokifanya.

Basi Msikilizaji anaweza kuwa mtu aliyezama asijue pa kutokea, au mtu anayekupa mchezo mzuri kuliko wote kundini. Wewe huwezi kujua ni yupi, mwanangu, wala K hawezi. Sheria yenu imefumba macho pande zote mbili: yeye hajui kama mnatunga, nanyi hamjui kama anacheza. Kitendawili hutegwa kwa aliyeitikia "tega", na aliyeshindwa hutoa mji akapewa jibu. Ninyi hamkuacha pa mtu kutoa mji.

Na K hiyo sheria kaikuta wapi, na kaielewaje? Msemo wa "huu si mchezo" ulienea kutokana na mchezo wa mwaka 2001 uliotengenezwa na watu wa Microsoft kuitangaza A.I., filamu ya Steven Spielberg. Kundi kubwa la wachezaji wake lilijiita Cloudmakers na lilikuwa na maelfu ya watu. Wahusika wa mchezo hawakukiri kuwa ni wahusika, kweli. Lakini wachezaji walijua kwamba nyuma ya pazia kuna filamu, na mlango wa kuingilia ulikuwa kwenye matangazo ya filamu yenyewe. Sheria ilimfunga mhusika asitoke ndani ya hadithi. Haikumzuia mchezaji kujua kuwa ni hadithi. Ningependa umuulize K, kwa upole, kama anaiona tofauti hiyo.

Hofu yenu kwamba kusema ni kuua, nayo naomba tuipime. Mwaka 2006 kulikuwa na msichana YouTube, lonelygirl15, aliyejirekodi chumbani kwake akisimulia maisha yake, na watu wakamwamini. Mwezi Septemba mwaka huohuo ikabainika ni mwigizaji, na hadithi ina waandishi wake. Wako waliokasirika. Lakini mfululizo uliendelea mpaka 2008, watazamaji wakijua fika wanachokitazama. Siwezi kukuahidi kwamba Neema atapona vivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba hujui atakufa, na umekuwa ukiandika kama aliyekwisha kumzika.

Tuje kwenye njia ulizo nazo.

Wengi katika hali yako hukimbilia kurekebisha mambo kutoka ndani ya hadithi: Neema atoe kanda mpya aseme yule fundi hahusiki, msimguse. Inavutia kwa sababu haivunji kiapo. Lakini jiweke mahali pa mchezaji aliyekesha siku zote hizo. Neema aliyetekwa ghafla anamtetea mtu tunayemshuku? Kalazimishwa! Nachelea simu zitaongezeka.

Njia nyingine ni kusema kwa sauti isiyo ya Neema: tangazo fupi, bila majina yenu, kwamba hii ni hadithi, fundi wa redio hana sehemu ndani yake, na mbwa alikuwa mbwa. Hapo utakutana na taabu ya kuaminika, kwa kuwa mmewafundisha kutoamini. Watengenezaji wa fumbo la Cicada 3301, lililoanza Januari 2012 na ambao mpaka leo hawajulikani, walitia sahihi ya kidijitali kwenye jumbe zao ili wachezaji watofautishe za kweli na za waigaji. Ninyi hamna sahihi, ila nahisi mna kitu kizuri zaidi. Fundi wenu wa sauti bila shaka bado anayo rekodi ghafi ya kanda ya tatu, ile ambayo mbwa anabweka, labda wewe unasema "ah, huyu mbwa naye!", mtu anacheka, unaanza upya. Kipande kile kina nguvu kuliko maelezo ya kurasa tatu. Gharama yake ni kwamba watasikia sauti yako ya kawaida, na watu wenye masikio kama ya kundi lenu wanaweza kukutambua. Hilo ni lako kulipima. Mtu asikusukume, hata mimi.

Unaweza pia kumwandikia Msikilizaji peke yake, kama mtu wala si kama Neema, umuulize hali yake tu: unalala? Kuna mtu wa karibu anayejua unachokifanya? Ikiwa anacheza, atakujibu kwa sauti yake na utapumua. Ikiwa hachezi, basi umemfikia kabla hajafunga safari. Anaweza kuuanika ujumbe wako hadharani. Anaweza pia kuumia vibaya, kwa sababu mtu aliyekuwa akimwandikia kila usiku atatoweka kwa sentensi moja. Usimpe habari hiyo ukakata mawasiliano papo hapo. Na usijipe kazi ya udaktari. Akionekana amezama kweli, mwombe akutajie ndugu au rafiki anayeweza kuwa naye, na mtu wa tiba aonane naye.

Kuna kumaliza mapema: kanda mbili ziwe moja, pazia lishuke, wote mjitokeze kama watunzi. K anaweza kuikubali hii kuliko unavyodhani, maana kampuni inataka kuona mwisho, na mwisho ni mwisho. Lakini mazoea hayaishi siku ya mwisho. Wale Cloudmakers mchezo wao ulikwisha katikati ya mwaka 2001, na yalipotokea mashambulizi ya Septemba 11 wako waliopendekeza kwamba kundi lililotegua mafumbo yale yote sasa litegue na hili. Wasimamizi wao wakawazuia, na walifanya vyema, kwa maoni yangu. Mwaka 2013, baada ya mabomu ya mbio za Boston, wapelelezi wa mtandaoni hawakupata wa kuwazuia mapema. Walimnyooshea kidole mwanafunzi aliyekuwa ametoweka wiki kadhaa kabla. Familia yake ikasakamwa kwa simu na jumbe. Hakuwa na hatia, na alipopatikana alikuwa amekwisha kufariki. Reddit, mtandao wa majadiliano walikokuwa wakipelelezea, iliomba radhi hadharani. Kwa hiyo mkimaliza, semeni waziwazi kuhusu yule fundi. Pazia likishuka bila kumtaja, atabaki "kidokezo ambacho hakikufafanuliwa", na hivyo ndivyo vinavyowanyima watu usingizi miaka na miaka.

Kujitoa peke yako nako kupo. Unaweza kuondoka na kuwaachia mchezo wao. Kiapo kitasalimika, ila sauti yako itabaki mikononi mwa mwingine na simu za usiku zitaendelea, tofauti tu hutakuwa unaziona.

Kuhusu hicho kiapo, mliapiana kutotaja nani ametunga. Je, mliapiana pia kwamba mtu wa nje akiingizwa mtamwacha aungue? Sidhani. Nadhani hilo halikuwahi kuzungumzwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mbwa atabweka. Unaweza kumwendea K si kama mvunja siri bali kama mwenzake mwenye jambo jipya mezani. Mwendee ukiwa na yule fundi wa sauti. Katika barua yako hakuna mahali umeniambia yeye anaonaje, na huenda hajaulizwa.

Halafu yule binti wa ugenini. Unadhani atarudi kwenye upweke wake Neema akifichuka. Lakini wewe mwenyewe umeandika alichokipata: watu wa kuongea nao. Hao wapo, wana majina, na hawakutungwa na K. Ninayemwonea wasiwasi zaidi ni wewe. Ulisema hakuna aliyewahi kukusikiliza hivi, na sikulipita neno hilo haraka. Wanaisikiliza sauti yako, hilo ni kweli na ni kipaji. Lakini kila wanapoisikiliza wewe umejificha, na mtu akisifiwa akiwa amejificha sifa haimshibishi. Ungejisikiaje kama mtu mmoja tu, dada, rafiki, yeyote unayemwamini, angejua kwamba Neema ni wewe? Si lazima dunia nzima. Hata mama, ambaye umeshamjibia swali kabla hajaliuliza.

Sikuamulii baina ya kusema, kumaliza au kuondoka. Kila njia ina mtu itakayemgharimu, na wewe ndiye utakayeishi nayo. Ila safari ya Msikilizaji kwenda kwa yule fundi siiweki kwenye mizani hiyo, kwa kuwa haisubiri ninyi mpatane. Awe anacheza au hachezi, mlangoni pa yule bwana atafika akiwa mtu mgeni anayedai mwanamke arudishwe, na anayefungua mlango hana habari na mchezo wowote. Yule fundi na mkewe wanastahili kuonywa leo, hata kwa ujumbe usio na jina.

Na kabla hujakaa na wenzako, nijibu swali moja, au jijibu mwenyewe: akaunti ya Neema anaishika nani wiki hii? Kama nywila mnayo watatu, ombeni asiwepo wa kuandika chochote humo peke yake mpaka mmekutana. Ukishazungumza na K niandikie tena, hata kama mmegombana. Hasa kama mmegombana.